Zabibu Zilizopita Nimule

Mhudumu wa mvinyo katika hoteli moja ya Amarat, Juba, hafungui chupa kabla ya kuigusa kwa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa. Mchana huo wageni wawili walikuwa wakibishana: mmoja akiapa Cabernet ndiyo zabibu bora duniani, mwenzake akipiga meza kwamba ni Pinot. Mhudumu akasaga meno. Lori lililoleta chupa za hoteli hiyo lilikwama siku tisa kwenye jua la Nimule, mpakani na Uganda, mvinyo ukachemka hadi vizibo vikavuja. Alipomwambia meneja usiuzwe, aliambiwa atabasamu tu. "Hebu tuamulie wewe," mgeni mmoja akamwambia. Mhudumu akaitua chupa mezani kwa kishindo. "Zote zimechemkia Nimule, wakubwa. Kunyweni chai. Hiyo angalau tunaichemsha kwa makusudi."