Bosi Alinitafuta Nikiwa Mbele Yake

Bosi alitupanga wasafishaji watano mstari mmoja, akanitafuta mimi. Alipita mbele yangu mara mbili, pua kwa pua, asinione.

Msicheke. Siku ile nilikaribia kuzimia.

Kisa kilianza Jumatatu, saa sita mchana. Nilikuwa chini ya meza ya mikutano, nabandua chingamu kwa kisu. Bosi akaingia na fundi wa lifti, wakakaa. Nilipofika kwenye viatu vya bosi, akainua miguu nipitishe kitambaa, huku anaendelea kuongea.

"Waya umeanza kukatika," fundi akasema. "Funga lifti leo."

"Wageni wanakuja Ijumaa. Iache itembee mpaka wapite, halafu utatengeneza."

"Bosi, itaua watu."

"Haya tunayajua mimi na wewe tu."

Fundi akanionyesha kwa kidevu. "Na huyu?"

"Huyu nani?" Bosi akageuza shingo, akaangalia mlangoni.

Jamani! Miguu yake bado ilikuwa hewani, juu ya mkono wangu.

Nilitoka mle kisu bado mkononi. Sisi wasafishaji lifti tumekatazwa, ndoo zetu tunapanda nazo ngazi ghorofa sita. Sitawaficha, shetani alininong'oneza: waache waanguke, wewe una ngazi zako. Lakini jioni nikamwona karani wetu, ana mimba ya miezi minane, anaingia kwenye lifti huku anajipepea na bahasha. Nilishika ukuta mpaka niliposikia imefika chini.

Kesho yake, kabla watu hawajaingia, nilibandika vipande vya boksi kwenye milango yote ya lifti: USIPANDE. WAYA UNAKATIKA. Selotepu niliazima kwa Mama Pacha, msafishaji mwenzangu wa miaka minne, tunayekula naye benchi moja kila mchana. Hakuuliza ya nini.

Hakuna aliyepanda. Saa nne bosi akatuita stoo, amevimba kama andazi.

"Mmoja wenu alikuwa chumbani jana. Fundi kanikumbusha. Na mimi sura siisahau."

Akaanza kupita. Akanipita, akarudi, akanipita tena. Mtu huyu chai yake nimempelekea miaka sita: sukari vijiko viwili, mpini wa kikombe upande wa kushoto, maana hutumia mkono wa kushoto. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili la kwangu halikunijua kabisa.

Akasimama kwa Mama Pacha. "Ni huyu. Toka, kazi huna."

Mama Pacha akaniangalia. Mimi nikaangalia ndoo.

Binti yangu yuko chuo mwaka wa kwanza, na ada yake inatoka kwenye ovaroli hii. Niliogopa, basi. Mama Pacha akavua ya kwake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ndoo yangu na kuondoka.

Jioni nyumbani, binti anasoma kwa sauti somo lake la sosholojia. Eti mtu hujijua kwa macho ya wenzake, kama anajitazama kwenye kioo. Eti mkosaji si lazima awe aliyekosa, ni yule ambaye watu wamempachika jina la mkosaji.

"Mama, mbona unalia?"

"Vitunguu."

"Mama, tunakunywa chai."

Asubuhi sikuvaa ovaroli. Nilivaa gauni langu la kuendea harusi za watu, nikaanzia getini kumuulizia Mama Pacha kwa mlinzi.

"Jina lake nani?"

"Mama Pacha."

"La kwake mwenyewe, si la watoto."

Sikulijua.

"Anakaa wapi?"

Hata hapo sikupajua.

"Haya, yukoje?"

"Anavaa... ovaroli ya bluu."

"Dada, nyote mnavaa ovaroli ya bluu."

Hofu nyingine ikanishika, mbaya kuliko ile ya stoo. Miaka minne benchi moja! Kumbe na mimi ni bosi mtupu, nimekosa ofisi tu.

Nikapanda ngazi mpaka ofisini kwa bosi, nimeamua kusema, liwalo na liwe. Nilipoingia akasimama. Miaka sita hajawahi kunisimamia.

"Karibu mama, keti. Umetoka ofisi ya ukaguzi?"

Nikaketi. Nikaona mkono wake wa kushoto unafunika karatasi mezani.

"Lifti tumeshaifunga, mama. Fundi yuko juu sasa hivi."

"Kuna mama alifukuzwa jana," nikasema, sauti yangu mwenyewe siitambui. "Anaitwa nani?"

Hajui! Akaagiza faili, akanisomea jina na mtaa anaokaa, akaapa atamrudisha leo hii.

Nikainuka. Nikafika mlangoni, nikageuka.

"Uliyemwinulia miguu chini ya meza ni mimi. Chai yako vijiko viwili."

Akakodoa macho. Kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni, na sikungoja amalize. Nilishuka ngazi mbio.

Mlangoni kwa Mama Pacha niliogopa kuliko kwa bosi. Akafungua, kambeba pacha mmoja kiunoni. Gauni hata hakuliangalia. Akaniita jina langu, langu mimi, akaongeza na la baba yangu.

"Umelijuaje?"

"Siku yangu ya kwanza kazini nilikuuliza. Wewe hukuniuliza la kwangu."

"Na ulijua ni mimi niliyebandika?"

"Selotepu si yangu? Nilikuwa nasubiri useme."

Nikapiga magoti palepale kizingitini. Jina lake nililiita huku nalia, na hapa sitaliandika, maana nimelijua kwa kuchelewa.

Kazini tupo wote wawili. Bosi anatuogopa, na chai anajitilia mwenyewe.

Lakini wewe unayesoma, kabla hujalalamika kwamba hawakuoni, mtafute yule unayekula naye kila siku na humjui jina. Muulize leo, usingoje mpaka apangwe mstarini.