Nyumba ya Kasubi na Dole Gumba Langu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mwalimu wetu wa madrasa alipoingia nyumbani kwetu Kasubi na kamba mkononi, amekuja kupima vyumba. Baba alikuwa amefariki, mama alimtangulia, tukabaki watatu: kaka yetu, ndiye marehemu baba yenu, mimi, na mdogo wangu Zuhura. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne. Kwa sheria ya mirathi kaka akapata viwili, sisi wasichana kimoja kimoja. Kwa kaka sikuwa na neno. Aliyenichoma ni Zuhura, maana chumba chake kilikuwa na dirisha la barabarani, changu kilitazama uani.

Changu kilikuwa kikubwa zaidi, nakiri leo. Wakati ule sikutaka kuliona hilo.

Mwalimu akaandika karatasi, wote watatu tutie sahihi, ipelekwe ofisi ya serikali kule Nakasero ili nyumba itoke kwenye jina la marehemu. Kaka akatia, Zuhura akatia. Mimi sikujua kuandika, nilitakiwa kubandika dole gumba tu. Nikasema kidole kinauma. Wiki iliyofuata nikasema nina homa, na kidole nacho kikaendelea kuuma miezi mitatu!

“Dada, tia dole tumalize,” Zuhura aliniambia. “Kama unakitaka chumba changu, sema, tubadilishane.”

Nilimchukia zaidi kwa maneno hayo. Sikutaka kupata mimi, nilitaka akose yeye.

Zama zile za utawala wa jeshi sukari ilipatikana kwa magendo, lakini Zuhura hakuikosa. Alikaanga mandazi akayauza dirishani, na mimi uani nikisikia watu wakimsifu. Afande mmoja akawa mteja wa kila siku. Siku moja alinikuta nafagia barazani.

“Nyabo, dada yako iko na bahati,” akasema huku anatafuna, akiniita bibi kwa lugha ya pale. “Nyumba kwa barabara, chakula mzuri.”

“Nyumba si yake,” nikamjibu kwa wivu. “Hata karatasi hatujamaliza kutia sahihi. Bado iko kwa jina la maiti.”

Akaacha kutafuna, akaitazama nyumba kuanzia bati hadi msingi.

Baada ya siku tatu alirudi na lori, godoro na wenzake wawili. Akamuuliza kaka karatasi iko wapi. Kaka akaitoa ile yenye sahihi mbili.

“Hii bado,” akasema afande. “Mwenye nyumba alikufa. Sasa nyumba haina mwenyewe. Toka.”

Nani angebishana na bunduki? Kabla ya adhuhuri vyombo vyetu vilikuwa barabarani. Najua wenye bunduki waliwatoa hata watu wenye hati kamili. Lakini huyu, mimi ndiye niliyemwonyesha njia.

Tukahamia Bwaise, kule bondeni, watatu chumba kimoja, mvua ikinyesha maji yanaingia hadi kitandani. Zuhura aliugua kifua huko. Nilimuuguza mpaka mwisho, na alikufa akinishukuru. Sikumwambia nilichomwambia afande. Wewe ndiye wa kwanza kulisikia.

Nakueleza haya kwa sababu nasikia nyumba aliyoijenga baba yenu baadaye hamjagawana, na asiyetaka kutia sahihi ni wewe, eti mdogo wako kapata upande wa duka. Mwanangu, mwiteni anayejua sheria, mpimiwe mbele ya mashahidi, mtie sahihi siku hiyohiyo, kila mmoja aondoke na nakala yake. Na fungu la ndugu yako likikuchoma, mwambie yeye mwenyewe, hata kama utaona haya. Usimwambie mtu wa nje.

Mungu akulainishie moyo, akubarikie fungu lako, ulione linakutosha. Na kama umemkosea ndugu yako, akujaalie umwombe radhi angali hai.