Paa Lililobaki na Shomoro

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la shomoro. Hakuwa na picha wala kitabu cha ndege. Alitutoa darasani, akatusimamisha uwanjani, akatuonyesha paa.

"Tazameni kichwa," alisema. "Kijivu. Mgongo kama kutu. Dume na jike wamefanana. Mdomo mfupi, mnene, wa kuvunjia mbegu."

Kisha akatueleza kwamba shomoro wakubwa hula nafaka, lakini makinda hulishwa viwavi na panzi wadogo, maana mbegu peke yake haimkuzi kinda. Kiota wanajenga kwa chochote: majani makavu, uzi wa kitenge, manyoya ya kuku. "Huyu si ndege wa porini," alimalizia. "Anaishi kwa makombo ya watu. Watu wakihama, naye anahama."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na niliyakariri hayo kama nilivyokariri hesabu za kuzidisha.

Mwaka huohuo vita vilirudi Uvira, mji wetu kando ya ziwa. Asubuhi moja bunduki zilianza kulia upande wa bonde la Ruzizi, halafu makombora yakajibu kutoka milimani. Kufikia saa nne mtaa wetu wa Kilibula ulikuwa barabarani, magodoro vichwani. Wengine walishuka ziwani kutafuta mtumbwi wa kuwavusha Burundi, wengine wakashika njia ya kusini. Sisi hatukuweza. Nyanya, mama mzaa baba, alikuwa amevunjika nyonga, na kila tulipojaribu kumwinua alipiga ukelele.

"Muniache hapa," alisema.

"Mama, hatuendi popote," baba akamjibu. Mama yangu alilifungua furushi alilokwisha kulifunga, akarudisha sahani kabatini.

Baba akaweka masharti. Nyumba ionekane haina mtu. Madirisha yafungwe. Tupike mara moja tu, alfajiri, kwa makaa yasiyotoa moshi. Hakuna kutwanga. Uchafu wote, hata maganda, ubaki ndani ya ndoo. Mama alikuwa akiuza mchele sokoni, kwa hiyo chakula kilikuwepo, gunia zima nyuma ya mlango.

Siku mbili za kwanza nilisikiliza. Mtaa uliokuwa na redio, vinu na vilio vya watoto ulikuwa kimya hadi nikasikia mabati yakilia yalipopata jua. Siku ya tatu nikaanza kuchoka. Mama alipopepeta mchele, nilichukua konzi moja ya chenga na pumba, nikaitupa uani kupitia ufa wa dirisha la jikoni. Shomoro wawili waliokuwa na kiota chini ya paa letu walishuka. Niliwatazama wakila, na kwa muda ule sikuogopa. Nikatupa tena jioni. Nikatupa tena kesho yake.

Siku ya tano baba aliweka jicho kwenye ufa ule, akakaa hivyo muda mrefu. Nami nilikuwa nimeona. Hawakuwa wawili tena. Walijaa uani, kwenye kamba ya nguo, kwenye ukingo wa paa, wakigombana na kupiga kelele. Mtaa mzima ulikuwa umekosa makombo, na shomoro wa mtaa mzima walikuwa wamehamia kwetu.

"Nani alitupa chakula inje?" baba aliuliza kwa kunong'ona.

Mama akatikisa kichwa. Nami nikasema, "Sijui, baba."

Alinitazama kidogo tu. Kisha akachukua fagio, akatoka akiwa ameinama, akafagia ua mpaka udongo ukabaki mtupu. Ndege waliruka, wakatua juu ya paa, wakamsubiri amalize. Alipoingia ndani walishuka tena. Nilitamani waondoke. Niliwaomba kimoyomoyo waondoke.

Mchana wa siku hiyo tulisikia viatu barabarani. Walikuwa watu watatu wenye bunduki, wakiongea bila haraka. Walipita nyumba ya jirani. Wakafika kwetu, wakapita. Halafu mmoja akasimama.

"Nyumba hii iko na watu."

"Umejua je? Hata moshi hakuna."

"Angalia ndege. Huko kote hakuna hata mmoja. Hapa wamejaa. Minye nimelinda mpunga toka utoto, hawa ndege ninawajua. Hawakai kwa nyumba bure."

Mama alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Baba hakungoja mlango uvunjwe. Aliufungua mwenyewe, mikono juu.

Yule aliyewajua ndege alikuwa kijana mwembamba mwenye kandambili. Aliangalia chumba, akaangalia gunia. "Mwalimu ama mufanyabiashara?"

"Mwalimu."

"Basi, Mwalimu, beba hii. Tunaenda nayo juu."

"Mama yangu iko mugonjwa," baba alisema. "Hawezi kutembea."

"Utarudi."

Kutoka kitandani nyanya akamuuliza, "Weye, mwanangu, mama yako iko wapi sasa?"

Kijana alimsaidia baba kupandisha gunia begani, kwa upole uliokaribia heshima, wakatoka. Niliwafuata kwa macho hadi walipokata kona kuelekea milimani.

Nilisubiri mama alale kidogo kando ya nyanya. Nikapanda juu ya kiti uani, nikaingiza mkono chini ya bati, nikakivuta kiota chote. Kilikuwa na makinda matatu, hayana manyoya, midomo wazi. Yalianguka chini, na hayakuishi. Nilidhani ningepata nafuu. Sikuipata. Jike alikuja na kiwavi mdomoni, akarukaruka pale palipokuwa na kiota, akiita. Kesho yake asubuhi wote wawili walikuwa wakibeba majani makavu, wakijenga upya mahali palepale.

Baba alirudi baada ya wiki mbili, akitembea kama mzee. Bega la kulia lilikuwa limevimba, nyayo zimepasuka. Alisema yule kijana alimtuma kuchota maji mtoni, akaongeza kwa sauti ndogo, "Usirudi." Hakurudi.

Nilingoja mama aende kutafuta maji ya kumkanda. "Baba, ni minye nilitupa."

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa na pumba kwenye mikono ya nguo."

"Mbona hukunipiga?"

"Ungelia. Wangesikia." Akafumba macho. Kisha akasema, "Ulikuwa mutoto peke yako ndani ya nyumba yenye giza. Lakini usinidanganye tena."

Nilimweleza na habari ya makinda. Hapo aligeuza uso ukutani.

Majirani walianza kurudi kidogokidogo, na sauti za vinu zikarudi nao. Nyanya alifariki mvua za kwanza zilipoanza. Shule ilipofunguliwa baba alirudi kufundisha, lakini bega lile halikupona vizuri. Hakuweza kuinua mkono kupita sikio, na mpaka alipostaafu aliandika kwenye nusu ya chini ya ubao.