Fulana Arobaini za Fundi

Fundi cherehani wa mtaani kwetu nilimjua nilipotaka kununua fulana zake arobaini, nizifanye matambara ya gereji yangu. Kabla ya fainali ya timu yetu alikuwa amezidarizi "Mabingwa" na tarakimu za mwaka ule, tukafungwa kwa penalti dakika ya mwisho. "Siuzi," alinijibu, wembe mkononi. Tangu hapo, kila msimu aliufumua mwaka uzi kwa uzi, akashona mpya. Nami sikukosa kupita: "Fundi, matambara yangu vipi?" "Subiri, bosi." Msimu wa tisa tukabeba kombe. Watu walijaa kibandani kwake, fulana zikaisha ikabaki moja. Mimi akanitajia bei mara tatu ya wenzangu. "Tambara lako hilo, bosi!" Nililipa bila kubisha, nikaivaa palepale, nikaimba mpaka sauti ikakauka.