Kenchi ya Tatu

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kupaua nyumba, na mimi ndiye niliyemshikia mbao. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo naeleza kama nilivyoona.

Katikati ya miaka ya tisini macho yake yalianza kuingia ukungu. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Makanyagio. Wakristo wa kigango kimoja cha Kasokola walimwita apaue kanisa lao, na walitaka paa la kusimama, lenye mteremko mkali, lionekane tangu barabarani. Lakini habari za macho zilikuwa zimewafikia. Wazee wa kanisa wakamwambia wazi: asimamishe kenchi tatu kwanza, zile pembetatu za mbao zinazobeba bati. Zikikaa vizuri ataendelea, zisipokaa watamwita fundi mwingine. Alikubali. Asubuhi ile alikunywa uji nusu kikombe, akaniambia twende.

Paa likisimama namna hiyo, ncha ya mbao inakatwa kwa mshazari mrefu kama ulimi. Msumeno unapenda kufuata nyuzi za mti, unauacha mstari, na mninga wa kwetu haubembelezeki. Yeye hakupiga hesabu kwenye karatasi. Tulifagia uwanja, nikaleta majivu ya jikoni, tukachora kenchi nzima chini kwa ukubwa wake. Kamba ya upana wa kanisa tuliikunja nusu kwa nusu tukapata katikati. Kisha tukalaza mbao mbili juu ya majivu, zikapishana kileleni, na pale zilipovuka mstari wa katikati ndipo pa kukata. Zamani aliweka alama kwa penseli. Safari hii nilichora mimi kwa ncha ya kisu, nikikandamiza, ili aupapase mstari kwa ukucha.

Alikata taratibu, kichwa kimeinama pembeni kama anayesikiliza. Unga wa mninga ulimjaa kwenye kola. Mashati yake nilipoyafua, maji yalikuwa yanageuka rangi ya chai. Sikujua kama nitakuja kuyatamani maji yale.

Vijana wawili wa kigango walizipandisha kenchi ukutani. Wazee walikaa chini wakitazama. Mmoja akatania, "Fundi, leo mkaguzi ni mama?"

"Ndiye mwenye macho," akajibu, kisha akaniita. "Mama watoto, angalia vilele. Kuna mwanga unapita?"

Nilipanda ngazi. Ya kwanza ilikuwa imeziba. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa na ufa, anga linaonekana. Nilijua nikisema, kazi inaweza kuondoka palepale, mbele ya watu. Nikaupima ule ufa kwa ukucha.

"Mbona husemi?" mume wangu akauliza kutoka chini.

"Ya tatu ina mwanga, baba watoto. Ukucha unaingia."

Kijana mmoja akasema, "Ah, mama nawe! Tugonge tu, bati litaficha."

"Bati halibebi mbao," mume wangu akasema. "Ishusheni."

Wakaishusha wakinung'unika. Aliilaza tena juu ya majivu, ncha zimegusana, akaniambia nisimame juu ya mbao zisicheze. Akapitisha msumeno katikati ya ule mshono. Palipobana meno yalikula pande zote mbili, palipoachana yakapita bure. Msumeno ulipotoka, akazisukuma mbao, zikakutana. Alipapasa kwa kidole gumba, juu mpaka chini, halafu akarudia. Vijana wakaipandisha upya. Nilipanda nikaangalia.

"Imeziba," nikasema.

Hakuniuliza mara mbili. Yule mzee wa utani alikung'uta suruali, akawatazama wenzake. "Nyie mnasubiri nini? Mleteeni fundi mbao. Mvua haitungoji."

Jioni tulirudi kwa miguu tukikokota baiskeli. Mimi nilishika usukani, yeye alishika tandiko kwa nyuma. Nilidhani amenikasirikia kwa kuutaja ule ufa mbele ya watu, nikamuuliza.

"Ungenificha ile," akasema, "kesho ningekuuliza nini tena?"

Nikamwambia kuna shimo mbele. Akainua mguu kabla hatujalifikia, nikacheka, naye akacheka, na bado tulikuwa na mwendo mrefu kufika nyumbani.