Fanta Kabla ya Bei

Mimi hasira yangu iko karibu, sikatai. Lakini wakati ule mwekezaji alipoitaka kona yetu, hata mtu mpole angepasuka.

Kona yenyewe iko katikati ya Gisenyi, pale barabara ya sokoni inapokutana na ile inayoteremka ziwani. Zipo nyumba nne za zamani, za chini, zenye mabaraza mapana. Ya mwisho ni ya mama yangu. Yeye na marehemu baba waliipata kwa cherehani, na mpaka leo tunashona pale barazani, mama na mimi: kanzu, sare za shule, na vitenge vya wamama wanaovuka kutoka Goma na kuvitaka kabla ya jioni, kana kwamba sisi tuna mikono sita.

Siku moja akaja bwana mmoja wa Kigali, shati jeupe, viatu havijui vumbi. Akasema mji unakua, atajenga etaje hapo, maduka chini, ofisi juu. Majirani watatu wameshakubali, amebaki mama tu.

"Mama, utapata pesa, utajenga nyumba muzuri kule Rugerero."

"Rugerero nitashonea nani? Migomba?" mama akamjibu, mguu haujaacha pedali.

Nilicheka mpaka sindano ikanidondoka. Yule bwana hakucheka. Alisema asipouza kwa hiari, mji utamuondoa kwa nguvu, halafu akaingia kwenye gari lake. Hapo nikamtupia maneno ambayo siyaandiki.

Baada ya wiki chache nikaona mama ameshona sare yenye mikono miwili ya kushoto. Mama yangu! Fundi ambaye wenzake wanamletea kazi zilizowashinda. Kaka zangu wawili walioko Kigali wakaanza kupiga simu, maana yule bwana alikuwa amewatafuta hukohuko. Wakasema tufikirie, nyumba ni ya zamani, na mama naye anazeeka. Mama alikuwa anasikiliza, anasema "Sawa, wanangu," anakata simu. Nikimuuliza anaogopa nini, ananijibu neno moja tu: "Shona."

Sasa, huku kwetu mtu akinunua shamba au kiwanja, analeta vinywaji, na mashahidi wanakunywa mbele ya macho ya watu. Ukishakunywa umekubali, kesho huwezi kujifanya hukujua. Wengine wanaleta bia. Sisi Waislamu wa mjini, ni fanta.

Ijumaa moja, mama akiwa ameenda kutafuta uzi, pikipiki ikashusha kaziye mbili, kreti nzima nzima, za fanta barazani. "Bwana anawasalimu," yule dereva akasema, na kabla sijafungua mdomo ameshawasha moto, ameondoka. Nikaingia ndani kutafuta mtu wa kuzirudisha. Kutoka nje, nakuta baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ametoka msikitini na jua lile, amekaa juu ya kaziye, chupa iko mdomoni. Na wale majirani watatu wameshafika, kila mmoja na yake. Kumbe walikuwa wameitwa.

"Bon, tumekunywa," mmoja wao akasema kwa sauti, ili barabara nzima isikie.

Baba mdogo akashusha chupa. "Tumekunywa nini?"

"Fanta ya kona, mzee. Na we ndiye mukubwa wa familia."

Yebabawe! "Baba mdogo," nikapiga kelele, "hiyo ni kiu gani isiyouliza?"

"Mi nilizani ni sadaka ya Ijumaa!" akasema, na masikini alimaanisha. Alikuwa ameshika ile chupa nusu kwa mikono miwili, hajui aiweke wapi.

Mama aliporudi akaelezwa. Hakugombana na mtu. Alikaa kwenye kiti chake akanyoosha uzi.

Tukaitwa kwenye ofisi ya sekta, kwa serikali ya mtaa. Kaka zangu wakaja na basi la asubuhi, wamevaa suti, na mama alipowaona wanaingia akageuza uso. Yule bwana akaeleza kwamba familia imekubali, mashahidi wamekunywa, mkubwa wa ukoo akiwa wa kwanza.

Afisa wa ardhi, dada mmoja mtulivu, akauliza: "Bei ilikuwa ngapi?"

Yule bwana akawatazama majirani, majirani wakamtazama yeye.

"Donc walikunywa fanta ya mashahidi kabla ya bei?"

Chumba kizima kikacheka, hata majirani. Baba mdogo akasimama, kofia mkononi, akasema yeye alikuwa na kiu na nyumba si yake. Afisa akamwambia yule bwana kwamba mtu binafsi akitaka ardhi ya mwenzake ananunua kwa makubaliano, na kama hakuna makubaliano hakuna kununua. Mji unadai etaje kwa anayejenga upya tu; asiyejenga, akae kwake.

Nikadhani yameisha. Lakini akatugeukia sisi watoto. Baba ni marehemu, kwa hiyo na sisi tunahusika. Tunasemaje? Nikaona mama anatazama ukuta, hatutazami sisi.

Kaka mkubwa akasimama. "Nyumba ni ya mama. Mumuulize yeye." Wa pili akasema hivyohivyo. Na mimi pia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Siuzi," mama akasema.

 Tulipotoka nje nilifurahi mpaka nikamkumbatia baba mdogo, ambaye nilikuwa simsalimu tangu ile Ijumaa. Kaka zangu walitangulia kutafuta chakula. Mama alitembea polepole kando yangu, anapumua vizuri, kama mtu aliyetua mzigo.

"Si nilikuambia?" nikamwambia. "Yule bwana hana nguvu yoyote. Ulikuwa unamuogopa bure."

"Yule? Mi sikumuogopa hata kidogo," akasema. "Niliwaogopa nyinyi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe," akasema, na akaushika mkono wangu tukavuka barabara.