Mshale wa Colette

Papa Nkulu anachaji betri za taa za wavuvi wa chisense, dagaa wa ziwani, kwa paneli ya jua hapa sokoni Kashikishi. Siku hizi anakaa tu. Kisanduku kipya cha kuongoza chaji kinatafuta chenyewe pale paneli inapotoa nguvu nyingi zaidi: kinasogea kidogo, kinapima, nguvu ikipanda kinaendelea, ikishuka kinarudi.

"Ile kazi ilikuwa ya Colette," hunung'unika.

Marehemu mke wake aliifanya kwa mkono miaka kumi, kwenye kisanduku chenye kifungo cha kuzungusha, kama cha redio. Wingu likipita, alizungusha kidogo, jicho kwenye mshale wa kupimia nguvu. Mshale ukigoma kupanda, alijua jirani yetu Mirriam ameanika tena wavu wake mbele ya paneli.

"Ondosha wavu yako, Mirriam! Jua si ya kwako peke yako!" Soko lote lilisikia.

Jana wavu ulikuwa palepale, umefunika nusu ya paneli kwa kivuli. Kisanduku kipya kilitafuta, kikapata nguvu kiduchu, kikaridhika nayo. Upuuzi mtupu! Papa Nkulu aliinuka, akazungumza kwa upole.

"Mama, nafasi ya kuanika iko nyingi. Juu ya nini hapa tu?"

Mirriam alishika wavu bila kuukunja. "Naanika hapa kila siku, Papa. Tangu Mama Colette alikufa, hakuna mutu wa kunigombeza."

Papa Nkulu aliweka mikono kiunoni. Kisha akapaza sauti mpaka soko lote likageuka:

"Ondosha wavu yako, Mirriam! Jua si ya kwako peke yako!"